Mkuu Naye Amsikilize Nani?



Methali tunazozijua karibu zote zinaelekea upande mmoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Penye wazee haliharibiki neno. Mzee aseme, mtoto asikie. Sisi tuliolelewa hivyo hatuna ugomvi na methali hizo. Lakini mkuu mwenyewe akifika mahali asipopajua, naye amsikilize nani? Na sisi tulio wadogo kwake tumwambieje bila kumvunjia heshima? Hilo ndilo somo letu safari hii.

Tumelichagua kwa sababu vikundi vyetu vinazeeka. Katika vilima vya Machakos, akina mama waliochimba matuta ya fanya juu katika mwethya miaka ya 1980, wengine wakiwa na mtoto mgongoni, leo ni nyanya wa miaka sabini kwenda juu. Wengi bado ni wanachama, na pengine ndio wanaoshika ufunguo wa sanduku. Kila siku wanaamua mambo: wapande nini, mbuzi wamuuzie nani, dawa ya presha waendelee nayo ama waache, huyu aliyepiga simu ni mtu mwema ama ni mwizi. Na kila siku kuna mtu wa kuwashauri. Wengine wanashauri kwa upendo, wengine kwa tumbo lao.

Baadhi yenu mtasema, "Mzee haambiliki." Wengine mtasema, "Mzee akiambiwa na mtoto wake basi, atakubali lolote." Yote mawili tumeyasikia, mara nyingine kuhusu mtu yule yule. Inawezekanaje? Tusikilize kisa. Tumekibadilisha kidogo ili mwenyewe asijulikane.

Mama wa mbegu na karatasi

Mwezi wa Septemba, watu wakingojea mvua za vuli, kijana mmoja alikuja kwenye mkutano wa kikundi akiuza mbegu za mahindi. Amevaa vizuri, na mkononi ana karatasi zenye picha za mahindi makubwa ajabu. Akasema mbegu hii inazaa mara mbili ya ile mliyozoea. Vijana wa kikundi wakaanza kutafuta pesa mifukoni. Mama mmoja mjane, wa miaka sabini na mitatu, akainua mkono.

"Mwanangu, hii inakomaa kwa miezi mingapi?"

Kijana akasema kama sita hivi.

"Na umeiona ikipandwa hapa kwetu, ama huko juu kwenye baridi?"

Akasema imefanya vizuri sana upande wa Trans Nzoia.

"Haya. Sasa isipozaa, hasara ni ya nani?"

Kijana akacheka, akasema, "Mama, kilimo ni bahati tu." Mama naye akacheka, akafunga pesa yake kwenye pindo la leso. Hakununua, na wengi wakamfuata.

Mtu aliyepita njia siku ile angesema huyu ni mzee mkaidi asiyetaka maendeleo. Kumbe alikuwa na haki. Kwetu Ukambani mvua ya vuli, ile ya Oktoba mpaka Desemba, ndiyo ya kutegemewa kuliko ile ya Machi, na haikai. Mbegu inayotaka miezi sita itakauka kabla haijafunga punje. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kilitoa mahindi yanayokomaa upesi, ambayo watu huyaita Katumani mpaka leo. Mama huyu hakuyasoma hayo kitabuni. Aliyaona shambani mwake mwaka baada ya mwaka, pamoja na ule ukame wa 1984. Ushauri aliusikia, akaupima kwa maswali matatu, akaukataa. Huko ndiko kushauriwa. Kushauriwa si kusema ndiyo.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Haikupita miezi minne, mtoto wa shemeji yake akaja nyumbani jioni, taa imeshawashwa, na karatasi mkononi. "Mama, hii ni ya kuweka mambo ya shamba sawa, maana hati bado iko kwa jina la marehemu. Weka kidole hapa." Mama akaweka kidole. Hakuuliza swali hata moja, wala hakuomba asomewe.

Karatasi ile ilikuwa mapatano ya kuuza kipande cha shamba kilicho kando ya barabara. Alijua siku alipoona watu wakipigilia vigingi katikati ya mbaazi zake.

Kikundi kilimsindikiza mpaka kwa chifu, na baadaye kwa mtu anayejua sheria. Mauzo hayakusimama, kwa sababu mbili. Kwanza, shamba lililo kwa jina la marehemu haliwezi kuuzwa kabla kesi ya urithi haijaisha kortini na warithi kuthibitishwa. Pili, hakuna aliyekwenda mbele ya bodi ya ardhi kuomba kibali, na shamba la kilimo haliuzwi bila kibali hicho. Basi shamba likabaki. Lakini mnunuzi alikuwa ameshatoa malipo ya kwanza, na yule kijana alikuwa ameshayala. Mpaka leo watu wa boma lile hawaketi benchi moja kanisani.

Tulipomuuliza mama, mbona yule wa mbegu ulimhoji kama hakimu na huyu hukumuuliza kitu, alitujibu hivi: "Mbegu mimi naijua. Karatasi siijui, nikamwachia anayeijua."

Maswali hubaki wapi?

Jibu hilo tumelifikiria sana. Tungedhani mtu atauliza zaidi pale asipojua, lakini mara nyingi ni kinyume. Pale tunapojua ndipo tuna maswali, kwa sababu ujuzi ndio unaotupa maswali. Pale tusipojua, hata la kuuliza hatulijui. Basi tunafanya moja kati ya mawili: ama tunakataa kabisa, "mimi mambo hayo sitaki", ama tunampa mtu mmoja tunayempenda uamuzi wote.

Kijana naye yuko hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kwa mzee yale asiyoyajua yanazidi kuja mpaka mlangoni. Alizaliwa kabla ya hati ya shamba kufika kijijini. Alizoea pesa ya kushika mkononi, na M-Pesa ilipoanza 2007 alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Dawa anazopewa hospitalini zina majina ya Kiingereza. Akili yake haikupungua kama wengi wanavyodhani. Ni dunia iliyohamia mahali pengine.

Hata hivyo tusijidanganye, mwili nao unabadilika. Wanaochunguza mambo ya uzee wameona kwamba maarifa na maneno ambayo mtu ameyakusanya maishani hukaa vizuri mpaka uzeeni, hata kuongezeka. Kinachopungua ni mwendo. Mambo mapya matano yakisemwa kwa pamoja, la kwanza linaanguka wakati la nne linaingia. Masikio nayo huanza kupoteza sauti nyembamba, ndiyo maana nyanya husikia vizuri anachosema mwanawe lakini mjukuu wa kike akisema, inabidi arudie. Ukipiga kelele hujamsaidia, sauti inakwaruza tu. Simama mbele yake mahali penye mwanga, aone mdomo wako, useme polepole na kwa sauti nzito kidogo.

Tena kuna jambo la kurudiwarudiwa. Maneno yakisikika mara nyingi huanza kuonekana kweli, na hili ni la watu wa kila umri. Lakini mzee anaweza kukumbuka neno lenyewe na kusahau kwamba aliambiwa ni uongo. Ukimwambia mara kumi, "Si kweli kwamba dawa ya presha inaharibu figo," kesho atakumbuka dawa ya presha, na figo, na kuharibu. Afadhali useme lililo kweli na uishie hapo: "Dawa hii inalinda moyo na figo. Meza kila siku, hata siku unayojisikia mzima."

Na kubwa kuliko yote, tunavyoona sisi, ni aibu. Mtu aliyekuwa akishauri kijiji kizima anaona haya kusema "sijaelewa" mbele ya mtoto aliyemwogesha. Kwa hiyo anatikisa kichwa. Ile "ndiyo" ya mzee wakati mwingine maana yake ni, "Sijasikia, lakini sitaki kukuchosha."

Kosa letu wenyewe

Tusije tukaonekana tunawafundisha wengine tu. Sisi wahudumu wa jamii tulikosea, na tutaeleza jinsi tulivyokosea.

Nyanya mmoja alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa akipapasa ukuta kwenda jikoni. Hospitali moja ilikuwa na daktari wa macho siku za wiki zilizojulikana, na tulijua ugonjwa huu unatibika. Upasuaji wenyewe ni wa muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, na mgonjwa hutiwa ganzi jichoni tu, halazwi usingizi. Tukaona kazi ni rahisi. Tukaenda kwanza kwa vijana wake wawili wanaofanya kazi mjini, tukakubaliana nao, tukapanga tarehe na nauli. Ndipo tukaenda kwa nyanya, watu watano, sisi na vijana wake. Tukaketi tukiupa mlango mgongo, mwanga wote nyuma yetu. Mbele ya mtu asiyeona! Kila mmoja akasema lake. Mmoja akamweleza hatari ya kukaa bila kutibiwa, mwingine akamtajia tarehe, kijana mkubwa akasema, "Mama, tumeshaamua."

Nyanya akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nimeshaona ya kutosha duniani." Basi. Tukarudi ofisini, tukaandika kwenye daftari: amekataa.

Miezi ikapita. Nyanya mwingine wa jumuiya ya jirani, ambaye alikuwa amepasuliwa jicho moja, akasikia habari hizo akaenda kumtembelea. Alikwenda peke yake, asubuhi. Wakazungumza habari za mbuzi, wakazungumza habari za wafu, na chai ikanywewa. Baadaye ndipo yule mwenyeji akauliza: Walikufunga jicho siku ngapi? Uliumwa? Na ulipokuwa huko, mbuzi nani aliwafungua?

Hapo ndipo neno likatoka. Hakuogopa kisu. Aliogopa kwamba akilala hospitalini, vijana watafunga nyumba yake na kumpeleka kukaa mjini katika chumba kimoja, maana alishawahi kuwasikia wakilizungumza. Sisi tulimweleza habari za jicho, naye alikuwa akifikiri habari za nyumba. Hatukuuliza.

Alikubali kwa sharti lake mwenyewe: mjukuu wake alale katika nyumba ile mpaka arudi, na ufunguo akae nao yeye. Alikwenda hospitalini na ufunguo umefungwa kwenye leso. Jicho la pili alipanga mwenyewe.

Kutokana na kosa hilo tulibadilisha njia yetu ya kazi. Siku hizi hatuanzi kwa watoto wa mzee. Tunaanza kwa mzee. Na kabla ya kumwambia tunalojua, tunamwomba atuambie yeye anaonaje, kisha tunamuuliza, "Ukifanya hivyo, ni nini kinachokutia wasiwasi?" Halafu tunanyamaza. Kunyamaza huku ni kazi ngumu kuliko mnavyofikiri. Na ikiwezekana, tunamtafuta mtu wa rika lake aliyepitia jambo lile lile.

Neno la Mungu

Fungueni kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 3. Mara nyingi tunaisoma kama habari ya mtoto aliyeitwa. Leo tuisome upande wa mzee. Eli ni mzee, macho yake hayaoni vizuri, na ujumbe wa Mungu umempitia na kwenda kwa mtoto anayemtumikia. Asubuhi Samweli anafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida, lakini anaogopa kusema, maana habari yenyewe ni mbaya na inaihusu nyumba ya Eli. Ni Eli anayemwita, anamwita mwanangu, na kumsihi asimfiche hata neno moja. Angalieni: aliyeufungua mdomo wa mtoto ni mzee. Vijana wengi wanajua jambo ambalo lingemsaidia babu yao, lakini mlango haujafunguliwa.

Mhubiri, sura ya 4, anamsifu kijana maskini mwenye hekima kuliko mfalme mzee mjinga. Tulipojadili sehemu hii katika semina, mzee mmoja alikasirika kidogo. Lakini tuisome vizuri. Kosa la mfalme yule si uzee, ni kwamba hajui tena kupokea onyo. Neno "tena" linaonyesha kwamba zamani alijua.

Na sisi Wakatoliki tuna Yoshua bin Sira katika Biblia yetu, kitabu ambacho hatukisomi vya kutosha. Sura ya 37 inasema juu ya washauri: kwanza ujue mshauri wako anatafuta nini. Usimwulize mnunuzi kuhusu kuuza, wala mvivu kuhusu kazi kubwa. Kisha inatuambia tusiusahau ushauri wa moyo wetu wenyewe, na juu ya yote tumwombe Mungu. Sura ya 33 ni kali zaidi. Inamwonya mtu asimpe mwana, wala mke, wala ndugu, wala rafiki mamlaka juu yake wakati bado anaishi, na asigawe mali yake akabaki kuomba. Wengine hulisoma neno hilo kama ukosefu wa upendo. Sisi tuliowaona wazee wakilala jikoni kwa watoto wao baada ya kugawa shamba lote hatulisomi hivyo.

Maswali ya mbegu tuyapeleke kwenye karatasi

Yule mama alikuwa na maswali matatu mazuri. Itachukua muda gani? Umeiona ikifanya kazi mahali kama petu? Ikiharibika, hasara ni ya nani? Hayahitaji masomo, na yanafaa mambo mengi kuliko mahindi. Tuyajaribu.

Kijana analeta karatasi ya kuwekwa kidole. Ikiwa ni nzuri, itakuwa nzuri hata kesho. Mama aseme, "Iache hapa, nitaiweka kwa Biblia, Jumapili katekista ama mwalimu atanisomea." Anayekataa karatasi ilale kwako usiku mmoja ameshakujibu. Halafu hasara: shamba likiondoka, nani atakosa mahali pa kulima? Si aliyeleta karatasi.

Mtu anapiga simu. Anasema pesa imeingia kwako kwa makosa, irudishe sasa hivi, ama umeshinda zawadi, tuma namba yako ya siri. Hapa hakuna haja ya maswali mengi. Namba ya siri haiombwi na mtu mwema, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni. Kata simu, ngoja mtu wa nyumbani akusomee salio. Haraka ya mtu mwingine isiwe haraka yako.

Wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni pesa ya mzee, si ya nyumba. Tumewakuta wengine ambao hawajui pesa imeingia lini, kwa kuwa mjukuu ndiye anayeitoa. Kusaidiwa kutoa pesa si kosa, macho yakiwa hayaoni utafanyaje? Kinachotakiwa ni watu wawili kujua, yaani yule anayetoa na mwingine asiyekaa naye nyumba moja, pengine jirani au mwanachama wa kikundi.

Kuhusu dawa, hatari si wahuni tu. Ni jirani mwema anayesema, "Mimi niliacha ile ya presha nikanywa mizizi, na niko sawa." Presha haiumi, na mtu anaweza kujisikia mzima mpaka siku ya kuanguka. Tena tumeona kitu kinachochekesha kidogo: ushauri wa muuguzi katika zahanati ni bure, kwa hiyo unasahaulika njiani. Ule wa mwenye mizizi sokoni umelipiwa shilingi mia tano, kwa hiyo unafuatwa mpaka tone la mwisho. Watu wengi tuko hivyo, tunaheshimu tulicholipia. Muuguzi aulizwe lile lile swali: nikiacha, hasara ni ya nani?

Sheria inasemaje?

Kwa kifupi tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inataja haki za wazee, maana yake watu waliofikisha miaka 60: kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya jamaa zao na ya serikali. Hakuna mahali inaposema mtu akizeeka uamuzi unahamia kwa mtoto wa kwanza. Mali ya ndoa haiuzwi bila mume na mke wote kukubali. Hiyo ni sheria ya 2013. Anayetaka kuacha usia wa maandishi autie sahihi au kidole mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi hao wasiwe watu anaowaachia mali. Kwa mambo mengine tafuteni mtu wa sheria kupitia ofisi ya parokia, msitegemee ukurasa huu peke yake.

Neno kwa walio wadogo

Mnaotaka kuwashauri wazazi wenu, nendeni asubuhi wakati hawajachoka. Peleka jambo moja. Kama kuna njia sita za kufanya, chagua mbili zilizo nzuri umweleze hizo, usimwagie gunia zima. Ombeni ruhusa: "Mama, naweza kusema jinsi ninavyoona?" Akisema leo hapana, rudi siku nyingine. Na mkikataliwa, jiulizeni kama hakuona kitu ambacho ninyi hamkukiona, kama yule wa mbegu.

Mpeni nafasi ya kukosea pia. Mzee akiuza kuku kwa bei ya chini, si mwisho wa dunia. Nyumba ambazo mzee amenyang'anywa hata uamuzi wa kuku ndizo ambazo baadaye huweka kidole kwenye karatasi ya mtu wa kwanza atakayemheshimu.

Kuna hali moja iliyo tofauti. Mzee akianza kupotea njia ya nyumbani, ama kulipa deni moja mara tatu, ama kumsahau mtoto wake, huo si ukaidi, na si kurogwa. Ni ugonjwa, na mengine yanayofanana nao yanatibika, kwa hiyo apelekwe hospitalini. Uamuzi wa mali hapo usiachiwe mtu mmoja. Waketi watu wa jamaa kadhaa pamoja na shahidi wa nje. Lakini hata huyu aulizwe anataka kula nini, na kuvaa nini, na kuketi wapi.

Kazi ya kikundi

Anzeni na igizo la dakika kumi. Mwanachama kijana acheze mzee, na mzee acheze kijana aliyeleta karatasi. Msiwaandikie maneno. Tumeona mara nyingi kwamba wazee wakicheza vijana huwa wakali kupita kiasi, watu wakacheka sana. Waacheni wacheke, kisha muulizane ile sura ngumu waliitoa wapi.

Baadaye gawanyikeni watu wanne wanne, wazee na vijana pamoja, mjadiliane:

1. Ni jambo gani ambalo wewe huuliza maswali mengi kabla ya kukubali? Na ni jambo gani ambalo humwachia mtu mwingine tu? Kwa nini?

2. Katika mwaka huu, ni mzee yupi wa kikundi chetu aliyekataa ushauri na baadaye tukaona alikuwa na haki? (Wazee wenyewe wasijitaje.)

3. Kila mmoja wa miaka 60 kwenda juu ataje watu wawili anaoweza kuwaonyesha karatasi kabla ya kuweka kidole, na angalau mmoja asiwe wa nyumba yake. Kama kuna asiye na wa pili, kikundi kimtafutie kabla mkutano haujafungwa, na katibu aandike kwenye kitabu.